Siku Niliyomjibia Mama Mkwe

Jamani, kuna aibu ukiisimulia inapungua, na kuna nyingine kila ukiisimulia inakuwa mpya, na hii yangu ni ya aina ya pili, ila kwa kuwa mmenibana na mmeapa hamtacheka (naona wawili wameshaanza), basi sikilizeni.

Miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa ndio kwanza walikuwa wanaingia Mbinga na magari yao, na zahanati za watu binafsi nazo zikawa zinafunguliwa mjini, zina mapazia mapya na harufu ya spiriti, na watu wanaziamini kwa harufu hiyo tu. Mimi nilikuwa nimetoka kutangatanga, Makambako, Mbeya, Dar, kote nimefika na kote sikukaa, nikajituliza Mpepai kwa kina mke wangu Oliva, ingawa kila upepo ukivuma nilijiona niko kwetu Chiwanda, kando ya ziwa, dagaa wetu wa usipa wanaanikwa mchangani.

Ndipo mama mkwe akaugua. Homa kali, anachechemea, hali chakula. Oliva alikuwa amejifungua juzi tu, kaka zake wako Songea, ikabidi nimpeleke mimi mjini, kwenye mojawapo ya zahanati hizo, kwa lifti ya gari la kahawa. Sasa mambo ya ukwe mnayajua, lakini kwa mama yule yalikuwa makali: tangu nimwoe binti yake hatukuwahi kutazamana usoni wala kusemeshana. Akiwa na neno kwangu humwambia mwanangu Bosco, "Mwambie baba yako mbuzi wameingia shambani," kwa Kimatengo, na mimi nimesimama palepale nasikia, nangoja Bosco aniletee habari.

"Baba Bosco," Oliva aliniambia tukiondoka, "tafuta mwanamke yeyote pale kwenye foleni aingie naye. Wewe kaa nje."

Nikasema sawa. Na kweli, pale kwenye benchi mama mmoja mwenye mtoto mapajani akajitolea mwenyewe: "Kaka, niachie bibi, mimi nitaingia naye."

Ningesema asante, leo nisingekuwa na mkasa. Lakini nilikuwa na kidato cha nne changu, nimefika Dar, nikamjibu, "Usijali dada, maelezo nitayatoa vizuri mimi."

Daktari alikuwa kijana mgeni, hata Kimatengo cha salamu hajui. "Nani atamsemea mama?"

"Mimi."

Mama mkwe kainama, khanga imefika puani. Anaumwa wapi? Nilimwona akichechemea, nikasema mguu. Upi? Wa kulia. (Nilikisia.) Tangu lini? Juzi. Majibu yakawa yananitoka kama niko kwenye mtihani, na kila daktari alipoandika nilijiona napata vema. Kisha akauliza, "Kuna dawa imewahi kumdhuru? Sindano labda?"

Hapo, jamani, kulikuwa na neno moja tu la haki, nalo ni "sijui."

"Hapana, daktari. Huyu mama ni mzima wa siku zote."

Mama mkwe akakohoa. Akapiga benchi kwa ngumi. "Ni maumivu hayo," nikafafanua.

Nesi akampeleka nyuma ya pazia, akarudi akisema ni jipu kubwa, wala si mguuni, ni juu ya mguu, tena upande wa kushoto, mahali ambapo mkwe hatakiwi hata kupafikiria.

"Ulisema mguu," daktari akanitazama.

"Ndiyo, kuanzia hapo kushuka chini."

Akaagiza achomwe kwanza PPF, ile sindano ya penisilini. Nikasikia vurugu nyuma ya pazia, kitanda kinalia, nesi anasema, "Bibi, tulia! Huyu ananong'ona, sisikii, anasemaje?"

Mimi huku nje ya pazia, hata mnong'ono wenyewe sijausikia, nikajibu, "Anaogopa sindano tu, watu wa milimani ndivyo walivyo. Mchome."

Hilo "mchome" mpaka leo linaniamsha.

"Basi wewe unayemsemea, njoo umshike!" nesi akaita.

Nimshike mama mkwe! Nikamtazama daktari aniokoe, naye akasema, "Ingia kijana, dawa imeshachanganywa." Nikabuni njia ya kulinda heshima: nikaingia kinyumenyume, nimefumba macho, mikono nimeinyoosha nyuma kama anayetafuta kiti gizani. Mguu ukanasa kwenye pazia, pazia likaja na fimbo yake, fimbo ikaja na trei ya mikasi, na mimi chini, nimefunikwa gubigubi, mlango uko wazi na benchi zima la wagonjwa linatutazama. Nilipopata tundu la kuchungulia, mama mkwe alikuwa amesimama ukutani kajifunga khanga, kamkamata nesi mkono, sindano iko shubiri moja kutoka kwake.

Akasema. Kwa Kiswahili, tena safi kuliko changu.

"Sikatai dawa, nakataa hiyo! Nilichomwa hiyo nikavimba uso, koo likaziba, padre akaitwa anipake mafuta ya wagonjwa. Nahangaika kusema tangu tuingie, mnamuuliza huyu. Kwani huyu ndiye anaumwa?"

Yule mama wa benchi akadakia: "Kumbe bibi Kiswahili unakijua!"

"Nimefundisha katekisimu mpaka magoti yamechoka. Nani aliniuliza?"

Daktari uso ulimshuka. Aliichukua ile sindano mwenyewe akaiweka mbali, akavuta kigoda. "Mama, nisamehe. Hebu nieleze wewe."

"Na wewe msomi," yule mama akaniambia, "toka basi, au hata hili utamjibia?" Benchi likaangua kicheko, nami nikatoka naburuta kipande cha pazia mguuni.

Kicheko hakikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba mama mkwe alilazimika kuchagua kati ya adabu na pumzi yake, na laiti angechagua adabu, ningerudi Mpepai nimemlaza nyuma ya gari, na Oliva ana kichanga kifuani, ningemwambia nini?

Walimpasua jipu, wakampa dawa nyingine, akatoka taratibu ameshikwa na yule mama wa benchi. Garini, kwa mara ya kwanza katika maisha yetu, akaniita, uso kaugeuzia barabarani.

"Baba Bosco."

"Naam, mama."

"Siku nyingine nisindikize. Usiniumwie."

Tangu hapo nimesindikiza wagonjwa wengi, huku na kule ninakozurura, na nesi akiniuliza mgonjwa anaumwa wapi, nanyanyuka natoka nje. Na ninyi, mkisikia nimelazwa mahali, njooni, leteni hata uji, lakini daktari akiuliza dawa gani inanidhuru, asijifanye mtu kunipenda akajibu. Niulizeni mwenyewe, hata kama itabidi mniamshe.