Machela ya Kilima

Klara alizaliwa Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, na mpaka anatimiza miaka thelathini na mitano alikuwa hajaiona Burundi kwa macho yake. Mwaka 2009 alirudi na mumewe Josephat na binti yao mdogo, Imelda, kwenye kilima, kama kijiji kinavyoitwa huko, alikotoka baba mkwe wake, Nyarusange. Shamba walilolijua kwa kusimuliwa tu walilikuta lina migomba ya mzee Sebastiani, jirani aliyelilima tangu mwaka 1972, baba yake Josephat alipokimbia. Wazee wa kilima waliligawa nusu kwa nusu. Hakuna aliyeridhika.

Wakaishi hivyo, miaka na miaka. Mvua zikianza walilima, msiba ukitokea walikwenda, lakini jina lao lilibaki lilelile: Watanzania. Na kwenye orodha ya wabeba machela hawakuandikishwa. Kila nyumba ilitoa mwanamume wa kubeba wagonjwa hadi kituo cha afya, mwendo wa saa mbili, maana gari halifiki huko juu. Josephat aliomba mara tatu. Sebastiani, aliyetunza machela nyumbani kwake, alimjibu kila mara kwamba orodha imejaa.

Mwezi wa nne, mwaka juzi, Josephat aliamka tumbo limevimba, hawezi hata kunyoosha miguu. Klara alikimbia kwa Sebastiani.

"Mzee, nisaidie. Mume wangu anakufa."

Sebastiani alikuwa anakula. Hakuinuka. "Machela ni ya walioandikwa, mama. Nikikupa wewe, wenzangu nitawaambia nini?"

"Waambie ni mtu."

Ursula, mke wa Sebastiani, aliinamisha uso akaendelea kuchambua maharage.

Klara na Imelda walimfunga Josephat kwa kitenge juu ya baiskeli, mmoja akashika usukani, mwingine akasukuma. Kwenye mteremko wa pili baiskeli iliteleza kwenye matope, wakaanguka wote watatu. Josephat hakulia. Aliomba maji, na Imelda alipokwenda kuyatafuta, akakata roho, kichwa mapajani mwa mkewe.

Kesho yake kilima kizima kilikuja. Walileta pombe ya ndizi, majembe, na machela. Kumbe maiti haiulizwi orodha! Klara alitaka kuwafukuza, akashindwa; kaburi angelichimba na nani? Makaburi yalikuwa kwenye njia ileile ya kituo cha afya. Alitembea nyuma yao akiwatazama: wanaume wanane waliushuka mteremko wa pili bila kuteleza.

Siku ya kuondoa matanga, watu wakiwa wameketi, alisimama.

"Nataka aliyeninyima machela ajitaje hapa, mbele ya wote."

 Sebastiani alivua kofia.

"Ni mimi. Niliogopa. Nilisema mkishaandikwa, mtadai na nusu ya shamba iliyobaki."

Hakuna aliyemshtaki. Wiki hiyohiyo waliandika jina la Imelda, na kwa kuwa nyumba haina mwanamume, hubeba yeye, bega kwa bega na wana wa Sebastiani. Klara hakumkataza. Mwenyewe, akienda sokoni, huzunguka njia ndefu ya bondeni, asiukanyage mteremko wa pili. Sebastiani akimwamkia humwitikia, neno moja tu, kwa sababu wanachota maji chemchemi moja.