Mchoraji wa Kitabu cha Mama

Hapa kwetu mchoraji wa katuni akifa, gazeti hutafuta mwingine, basi. Huko Japani, katika mji mdogo alikozaliwa mchoraji mmoja maarufu, wamemjengea makumbusho mazima. Mwaka huu baadhi ya vitu vya makumbusho hayo vililetwa Nairobi, katika ukumbi mmoja katikati ya jiji. Mimi sina haja na katuni. Nilimpeleka mama, kwa sababu anacho kitabu cha mtu huyo.

Alikipata mtaani Loresho, alipokuwa yaya wa familia moja ya Kijapani. Walipohama walimwachia masufuria, mablanketi na kitabu cha katuni ambacho hatukuweza kusoma hata herufi yake moja. Hilo halikumsumbua. Alitukalisha mimi na kaka yangu, akafungua kitabu na kutusimulia kwa kufuata picha. Kijana anatembea peke yake kwenye mvua. Anaonekana mjini, kisha kwenye kituo cha treni, na kwenye ukurasa wa mwisho yuko nyumbani anakula, mama yake ameketi karibu naye. Hapo mama alifunga kitabu na kutuambia tukalale.

Kaka alipokwenda Uarabuni kufanya kazi ya ulinzi, alipiga simu kila Jumapili, halafu mara mojamoja, halafu kimya. Nilimwambia mama twende wizara ya mambo ya nje tukaripoti kwamba amepotea. Akakataa katakata. Alisema anayeripotiwa ni mtu aliyepotea, na mwanawe amechelewa tu.

"Atarudi, kama yule wa kitabu," alisema.

Ubishi huo uliendelea miezi na miezi, ndani ya nyumba yangu Kileleshwa, mpaka nikawa namkasirikia kila nikimwona ametulia.

Ukumbini kulikuwa na meza ya mchoraji, kalamu zake, hata mto aliokuwa akiukalia. Mama alivipita vyote kama mtu anayetafuta choo, mpaka akakiona kitabu chake kimefunguliwa ndani ya kabati la kioo. Akamwita msichana aliyekuwa akiwaelekeza wageni.

"Hii ndiyo kitabu yangu. Mbona mmeifungua nyuma?"

"Si nyuma, mama. Hizi za Japan zinaanzia huku kulia. Hapa ndio mwanzo, akikula na mathake. Halafu anatoka."

"Anatoka anaenda wapi?"

"Anaenda tu. Inaisha akiwa kwa mvua, peke yake."

Nilitamani kumziba mdomo yule msichana, ingawa alikuwa na adabu na alikuwa akifanya kazi yake. Mama aliinama, akaitazama ile picha ya kijana akila na mama yake kwa muda mrefu. Nilisikia watu nyuma yetu wakikohoa ili tuwapishe.

"Na huyu mchoraji mwenyewe," mama akauliza, "alirudi kwao?"

"Hakurudi. Alitoka akiwa kijana, akaishi Tokyo hadi akakufa. Watu wa kwao ndio wakamjengea hiyo museum."

"Wakati ameshakufa."

"Ee, mama."

Mama akamshukuru, akaweka mkoba wake begani.

Nje niliogopa kumtazama usoni. Nilitoa simu niite teksi turudi Kileleshwa, nikawa najifanya mtandao unasumbua. Mama akaniuliza kama ile ofisi ya wizara niliyokuwa nikimsumbulia iko mbali. Nikamwambia tunaweza kufika kwa miguu.

"Basi twende kabla hawajafunga," alisema.

Foleni ilikuwa fupi. Afisa, bwana mmoja aliyekuwa akimalizia chai yake, aliuliza jina la mtu aliyepotea. Nikafungua mdomo nimjibu, mama akanishika mkono ninyamaze. Akayataja majina yote ya kaka yangu, hata lile la nyumbani aliloitwa akiwa mtoto mchanga, na baada ya kila jina akasubiri mpaka afisa alipomaliza kuliandika.