Fundi wa Mama

Dada yangu mkubwa anaishi Ulaya, na kila Jumapili hunitumia ujumbe wa sauti. Mwaka ule maneno yake yalikuwa yale yale: "Mdogo wangu, shukuru. Wenzako hawana mama." Siku moja niliusikiliza ujumbe huo nikiwa nimechuchumaa bafuni, mikono imejaa povu, nafua shuka ambalo mama alikuwa amelichafua kwa mara ya pili tangu alfajiri. Nilitamani kuizamisha simu ndani ya beseni.

Niseme wazi kwamba mwaka ule nilikuwa na hasira. Nililala nayo, niliamka nayo, nilikwenda nayo Gatsata kwenye duka langu la vipuri vya magari, na jioni nilirudi nayo nyumbani Gikondo. Mteja akiuliza bei mara mbili, nilimjibu vibaya. Padri akihubiri juu ya furaha ya familia, nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Mama alikuwa anapoteza lugha. Sijui namna nyingine ya kulisema jambo hili. Alikuwa nazo tatu: Kinyarwanda cha wazazi wake, Kifaransa cha masista waliomsomesha, na Kiswahili cha Buyenzi, mtaa wa Bujumbura alikokulia na alikotuzaa sisi watatu kabla hatujarudi Rwanda. Kifaransa kilitangulia kwenda, na hakuna aliyekililia. Kisha, katika msimu mmoja wa mvua, Kinyarwanda nacho kikaanza kumponyoka. Alianza sentensi kwa Kinyarwanda akaimaliza kwa Kiswahili, na baadaye akaacha hata kuianza. Daktari alisema ugonjwa huu wa kusahau una njia zake, kwamba hutokea mtu akabaki na lugha aliyochezea barabarani utotoni. Alisema hivyo huku macho yake yako kwenye kompyuta. Nikamchukia na yeye.

Shida ilikuwa kwamba nyumbani kwangu hakuna aliyejua Kiswahili isipokuwa mimi. Mke wangu alikulia Uganda. Alikuwa na kile cha sokoni tu, cha kuulizia bei ya nyanya. Watoto wetu wawili, binti aliyekuwa anamaliza shule ya msingi na mdogo wake wa kiume, wanasema Kinyarwanda nyumbani na Kiingereza shuleni. Mama alipoomba maji, walimtazama tu. Aliposema tumbo linamuuma, mke wangu alimletea kanga. Ikabidi niwe nafunga duka mchana, napanda pikipiki kutoka Gatsata mpaka Gikondo, ili tu nimuulize mama yangu kama ana kiu.

Na mama mwenyewe hakujua mimi ni nani.

Aliniita fundi. Nadhani ilianza siku aliyonikuta juu ya kiti nikibadilisha taa ya ukumbini. "Fundi, umemaliza?" akaniuliza. Tangu siku hiyo nikawa fundi. Fundi aliyekuja kuziba bati, fundi asiyemaliza kazi, fundi anayekula kupita kiasi.

"Fundi, kwani kwako hawapiki?" aliniuliza mezani, mbele ya watoto wangu.

"Mama, ni mimi. Mwanao."

Alinitazama kama mtu anayemwonea mgonjwa huruma. "Mwanangu yuko shuleni," akasema. "Wewe maliza sahani yako uende."

Kaka yangu anaishi karibu na njia panda ya Sonatubes, si mbali na kwetu. Alikuwa anakuja Jumapili baada ya misa, amevaa suti, amebeba chupa ya juisi ambayo mama alikuwa ameacha kuinywa zamani. Alikaa ukingoni mwa kochi kama mtu anayesubiri gari. Alimsemesha mama kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya juu, utadhani mama ni kiziwi. Nilimwambia, "Kaka, mwongeleshe Kiswahili." Akajibu, "Kimenitoka." Mtu aliyekuwa akinitukana kwa Kiswahili kila siku mpaka ndevu zikamwota! Kisha alisimama, akasema tumshukuru Mungu kwa uhai wa mama, akaaga. Chai yake ilibaki mezani inafuka moshi.

Lakini aliyebeba mzigo wote alikuwa mke wangu. Mama hakukubali kuoshwa na mimi, maana fundi hamwoshi mwanamke, na katika hilo alikuwa na haki. Mke wangu ndiye aliyemwosha, na mama alimwona mwizi. Alikuwa anamficha sabuni. Alilala na kanga zake zote chini ya mto. Asubuhi moja, nikiwa navaa viatu, nilisikia kishindo jikoni. Nilimkuta mke wangu amesimama katikati ya jiko, ameshika shavu, na mama mbele yake na mwiko mkononi.

Nilitoka uani na kuipiga teke ndoo ya plastiki, nikaipiga tena, mpaka ikapasuka. Mama akatoa kichwa dirishani.

"Fundi! Hiyo ndoo si ya mama yako!"

Mke wangu akatokea mlangoni, shavu limeanza kuvimba. "Amesema nini?" akauliza kwa Kinyarwanda.

Nikamtafsiria. Alinitazama, akaitazama ndoo, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, machozi yanamtoka, sijui yapi yalikuwa ya maumivu na yapi ya kicheko. Mimi sikucheka. Nilimkasirikia na yeye, kwamba anawezaje. Nikaenda kazini nimenuna, na njia nzima sikuweza kuiondoa sura yake kichwani, ile sura iliyovimba upande mmoja na inacheka.

Likizo ndefu ya shule ilipofika, watoto wakawa wanashinda na bibi yao. Mchana mmoja nilifunga duka kama kawaida, nikafika nyumbani na kofia ya pikipiki bado kichwani, nikamkuta mama ameketi kivulini, amelowa kidevu, ametulia.

"Ameomba maji," binti yangu akasema. "Nimempa."

"Umejuaje?"

"Amesema maji. Maji si ni maji?" Akainua mabega. "Na njaa ni njaa. Baridi ni baridi. Papa, mroho ni nini?"

"Nani kakwambia neno hilo?"

"Bibi. Amesema fundi ni mroho."

Nikamweleza kwamba mroho ni mtu anayependa chakula kuliko watu. Binti akajishika tumbo kwa kicheko, akakimbia kumwambia mdogo wake, na nikawasikia wote wawili nyuma ya nyumba wakiliimba neno hilo. Nilikuwa nimevuka mji mzima kuja kuuliza swali moja, na swali lilikuwa limeshajibiwa. Nilikaa chini kando ya mama. Sikuwa na la kufanya. Akanipa kipande cha muwa kutoka sahani yake, tukatafuna pamoja, na ukweli ni kwamba nilijisikia vizuri, vizuri kabisa, na nikaudhika kwa sababu sikutaka dada yangu awe amesema kweli.

Kisha ikaja siku ya mlango. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa umelegea bawaba, na Jumamosi moja alasiri nikaamua kuutengeneza. Mama alikaa kitandani akinisimamia, ameridhika kwamba angalau leo nafanya kazi.

"Fundi, una watoto?"

"Wawili, mama."

"Wanakusikia?"

"Wakitaka."

"Wangu wa mwisho hasikii. Kichwa kama jiwe. Unampiga, anakutazama tu."

Nikaendelea kuzungusha bisibisi. Huyo wa mwisho ni mimi.

"Pole, mama."

"Lakini akitoka shule," mama akasema, na sauti yake ikabadilika, "namsikia tangu kule kwenye kona. Anapiga mawe teke. Viatu vyote ameviua kwa mawe. Nasema, haya, amefika. Halafu nafunika ile sufuria ndogo, asione kwamba nimemwekea nyama. Natoka, namwambia, angalia sufuriani, labda kuna kitu kimebaki."

"Kwa nini asijue umemwekea?"

"Eh! Akijua atadeka."

Niliendelea kuutazama mlango kwa sababu sikuweza kumtazama yeye. Mama yangu hakuwahi kunisifu. Si kwa mtihani, si kwa duka, si siku ya harusi yangu, ambapo alisema tu kwamba koti limenibana. Na sasa amelitoa neno nililolingoja miaka yote, amempa fundi asiyemjua, mtu wa kupita tu. Hasira iliyonipanda siku ile ilizidi zote. Nilitaka kumshika mabega, nimwambie: nitazame, niambie mimi! Badala yake nilizifungua tena skrubu nilizokwisha kuzikaza, moja baada ya nyingine, nikaanza upya, ili aendelee kusema. Kazi ya dakika chache niliifanya mpaka jua likazama. Alinieleza jinsi mwanawe anavyolala mdomo wazi, na jinsi anavyoogopa bata. Ni kweli, niliogopa bata.

Dada alifika mwezi wa nane. Aliingia na masanduku na manukato, akampigia mama magoti. Mama alimpokea kwa adabu zote. "Karibu, mgeni," akamwambia, akatuamuru tumpe kiti kizuri. Dada aliingia bafuni akakaa humo muda mrefu. Alipotoka, uso wake ulikuwa umeoshwa na ameshaamua.

Jioni ya siku ya pili akatuita ukumbini. Kaka alikuja. Mama alikuwa pale pale kwenye kochi, anakunja na kukunjua leso. Dada akasema kuna nyumba ya masista nje ya mji, wanatunza wazee, pana bustani, pana utulivu, yeye atagharamia.

"Si kwamba mmeshindwa," akasema. "Mmefanya vizuri. Lazima tushukuru kwa..."

"Neno hilo," nikasema, "usilitaje tena ndani ya nyumba hii."

Nikasimama, na yote yakanitoka. Kwamba shukrani yake inatumwa kwa simu, na ya kaka inakuja katika chupa ya juisi. Kwamba mimi ndiye ninayejua mama hulala upande gani. Kwamba masista wale hakuna hata mmoja wao anayejua Kiswahili cha Buyenzi, na mama atakufa kwa kiu katikati ya bustani yao. Kaka aliinamisha kichwa. Dada akapaza sauti, nikapaza yangu, watoto wakachungulia kutoka korido.

Ndipo mke wangu, ambaye alikuwa kimya mlangoni na trei mikononi, akasema. Hakusema kwa Kinyarwanda. Alisema kwa Kiswahili, kile alichokiokota kwa watoto wake na jikoni:

"Mama iko hapa. Mama inabaki hapa. Ni mimi naosha, ni mimi nasema."

Mama akaacha leso yake, akamtazama mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimpiga kwa mwiko.

"Huyu anasema vizuri," akatamka. "Hawa wengine wanapiga kelele tu. Mpeni chai."

Kaka ndiye aliyeanza kucheka, kwa pua, kama alivyocheka kanisani utotoni. Dada akajaribu kujizuia, akashindwa. Mimi nilichukua trei kutoka kwa mke wangu, nikammiminia chai, nikamwekea sukari.

Dada hakuitaja tena nyumba ya masista. Siku zilizobaki alimwosha mama asubuhi, kando ya mke wangu, akijifunza jinsi ya kumgeuza. Mara ya kwanza alitoka amelowa mpaka kifuani, akanikuta uani. "Kumbe ndivyo," akasema. Nilikuwa na majibu mengi tayari. Nikayaacha. Asubuhi ya kuondoka kwake mama alimwuliza, "Mgeni, umekaa sana. Huna kwenu?" Dada akambusu mikono yote miwili, akaenda uwanja wa ndege akicheka na kulia.

Kaka sasa anakuja na siku za kazi, bila suti. Kiswahili chake kimerudi, matusi yakitangulia. Huwa anakaa na mama pindi mke wangu anapokwenda kusukwa nywele.

Hasira yangu haijaisha, na sitamdanganya mtu. Mama amedhoofika. Siku hizi tunambeba. Kuna asubuhi ninazoamka nikitaka kuipiga dunia nzima teke. Lakini juzi mvua ilinyesha kutwa, umeme ukakatika mapema jioni, na sote tukajikuta chumbani kwa mama kwa sababu ndicho chenye joto. Watoto walikuwa miguuni pake, mimi nimekaa sakafuni nabangua karanga, mke wangu anaingia na kutoka na vyombo. Mama alituangalia, mmoja mmoja, kwa mwanga wa mshumaa.

"Hawa wote ni kina nani?"

"Ni watu wa hapa, Bibi," binti yangu akamjibu.

"Wengi hivi! Nani anawalisha?"

Watoto wakamwonyesha mama yao, aliyesimama mlangoni na bakuli la maharage. Mama akasogea kitandani, polepole, kwa taabu, mpaka pakapatikana nafasi kando yake. Akaipiga kwa kiganja.

"Basi kaa," akamwambia. "Umechoka."

Mke wangu akakaa.