Chef na Kompyuta ya Cache Kubwa

Ofisini kwetu Kisangani tunapiga hesabu za vipimo vya miti vinavyoletwa kutoka Yangambi. Siku moja zilifika kompyuta mbili mpya. Muuzaji alisema kasi ya prosesa zao ni sawa, ila moja ina mémoire cache kubwa zaidi.

Chef, mkuu wetu wa ofisi, hakungoja. "Ile ya cache kubwa iko yangu."

"Chef," nikamwambia, "cache ni kumbukumbu ndogo ndani ya prosesa. Inaweka karibu vitu vinavyotumika sana, prosesa isivifuate mbali kila mara. Majedwali yangu yakienea humo, hesabu itakwenda mbio. Wewe unacheza karata tu."

"Mama, mimi nilisoma Kifaransa," alinijibu. "Cacher ni kuficha. Mukubwa iko na mambo mingi ya kuficha. Donc, cache kubwa iko ya mukubwa."

Kwa hoja nzito kama hiyo, nilichukua ile nyingine. Nilikuwa naanzisha hesabu, natoka kununua makemba, zile ndizi kubwa za kuchoma, nakula, narudi, nayo bado inahangaika. Upande wa pili karata za Chef zilijipanga vizuri sana, kama zingejipanga kwenye mashine yoyote.

Asubuhi moja mke wake alipita kumchukua waende matangani. Chef alikuwa kwenye mkutano, basi mke akaketi kwenye kiti chake. Mbele yake, kwenye skrini, picha zilikuwa wazi: Chef anacheza dansi kwenye terrasse, baa ya nje, bia mkononi, amemshika kiuno dada mmoja mcheshi. Tarehe yake ilikuwa ya juma lile alilosema yuko misheni ya kazi Opala.

"Opala walijenga lini terrasse ya hapa kwetu mutaani?" aliuliza mke wake, kwa upole uliotutisha sote.

Chef aliingia, akaona, akapiga kelele: "Lakini nilisha kuziweka mu cache!"

Kesho yake aliniita. "Mama, kamata hii mashine. Cache yake iko bure."

Niliihamisha kabla hajabadili mawazo. Majedwali yale yale sasa yalikuwa yanakwisha nikiwa bado naosha kikombe.

Baadaye wageni wakubwa walikuja kutoka Kinshasa, wakashangaa kazi yetu kuwa ya haraka hivyo. Chef aliwaeleza kwamba siri ni uongozi wake. Wakampongeza sana. Mimi nilirudi kazini, maana umeme ulikuwa bado haujakatika.