Jani la Isale kutoka Kibosho hadi Kilema

Wapendwa wa jumuiya yetu mlio mbali na nyumbani, naomba mnivumilie kwa mwandiko huu na kwa maneno yatakayokosa herufi. Niliishia darasa la saba, na ukurasa mmoja hunichukua jioni nzima. Mama Apolonia, mwenyekiti wetu, alisema mmoja wa waliokwenda hija awaandikie. Wenzangu wote walisema wana kazi. Mimi sikusema kitu, kwa hiyo ikawa mimi.

Wenzangu walikwenda Kilema kusali kwenye kanisa la zamani la misheni. Mimi nilitumwa. Mama yangu ni wa Kilema, ameolewa huku Kibosho. Kwenye harusi ya dada yangu mkubwa, fungu la nyama ya mbuzi ambalo kwa mila ni la mjomba Gaspari, kaka yake mama, alipewa mgeni rasmi, bosi wa bwana harusi kutoka mjini. Ni mama aliyempa, kwa heshima ya suti. Baadaye tukasikia bosi huyo hali mbuzi. Mjomba alikuwa ameshaondoka bila kuaga, na huu ni mwaka wa nne hawasemeshani. Sasa dada yangu wa pili, Eliza, anaolewa Desemba, na hawezi kutoka nyumbani bila mjomba wake kusimama.

Basi mama alikata jani la isale kwenye uzio wa kihamba, shamba letu la nyumbani, akalipiga fundo, akanipa. Mnajua wenyewe, ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe.

"Kwa nini usiende mwenyewe?" nilimuuliza.

"Nikienda nitaongea. Wewe huongei. Utampa tu."

Ijumaa alfajiri tuliondoka watu tisa. Hija hii haijulikani sana, na sababu yake inaeleweka. Kwa gari unashuka Moshi mjini, unapanda tena upande wa pili, mchana uko Kilema. Kwa miguu ni siku mbili za kukata mabonde, unashuka hadi mtoni na kupanda, kisha unashuka tena. Njia panda alikuwepo kijana wa bodaboda.

"Kilema? Pandeni, nawaita wenzangu. Mtafika kabla ya chai."

"Tunatembea kwa ajili ya dhambi zetu," alisema mama Apolonia.

"Basi zenu ni nzito, mama. Zangu mimi ni za saizi ya pikipiki."

Saa tatu tulivuka mto Karanga. Isale nililishika mkononi, maana kwenye mfuko lingekunjika. Kila mtu aliyetupita alilitazama jani, kisha akanitazama mimi, akanipisha njia. Sijawahi kupishwa hivyo. Jioni tulifika Uru, tukalala darasani, baada ya kula kiburu cha ndizi na maharage tulichopikiwa na akina mama wa parokia. Wenzangu walisali rozari. Mimi nilirudia moyoni: Shikamoo mjomba, mama amenituma. Maneno manne tu, na yote yalinitoa jasho.

Jumamosi asubuhi tulikuwa Old Moshi, kwa ndugu zetu Walutheri. Mvua ilikuwa imenyesha, na kwenye mteremko soli ya kiatu cha mama Apolonia ikabaki kwenye tope. Akanituma nikaombe kamba kwenye nyumba yenye geti la bluu.

Nilisimama getini. Nilitaka kupiga hodi, lakini sauti haikutoka. Akatoka mzee mwenye koti. Akaliona jani. Akageuka kutazama nyumba ya jirani, halafu akanitazama tena.

"Shikamoo meku," nikaweza kusema, kama tunavyowaita wazee.

"Marahaba." Akafungua geti. "Amekutuma?"

Nilidhani anamsema mama Apolonia, ambaye alionekana pale chini na mguu mmoja juu. Nikasema ndiyo.

Mzee akalichukua jani kwa mikono miwili. "Miaka sita Elinami hanisalimii kwa sababu ya zamu ya maji ya mfereji," alisema. "Leo ameleta isale. Na kwa kuona aibu ametuma kijana asiye wa hapa. Ndivyo alivyo huyo." Akajifuta macho kwa mkono wa koti.

Nilifungua mdomo nimweleze.

"Usiseme kitu," alisema. "Maneno ndiyo yaliyotufikisha hapa."

Akatoka getini na jani mbele yake kama mshumaa wa Pasaka. Nilimfuata, kwa kuwa jani lilikuwa la mama. Elinami alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Alipomwona jirani yake anakuja na isale mkononi, panga likasimama hewani.

"Elinami, nimepokea," alisema mzee.

Elinami alilitazama jani kwa muda mrefu. Nadhani aliona ni yeye anayeletewa. Akaweka panga chini.

"Na mimi nimepokea," alisema.

Wakaingia ndani. Baada ya muda Elinami alichungulia mlangoni kuniuliza kama nakunywa mbege. Nilitikisa kichwa, nikaondoka bila jani na bila kamba.

"Kamba iko wapi?" aliuliza mama Apolonia.

"Hawana."

Akachana ganda la mgomba lililokuwa linamgusa bega muda wote huo, akafunga kiatu, tukaendelea.

Jioni tuliingia Kilema. Kanisani wenzangu walilia kwa furaha. Mimi pia nililia, wakanisifu kwa ibada.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwa mjomba. Uzio wake wote ni isale. Nilichagua jani zuri, nikalikata, nikalipiga fundo. Nilipoinua kichwa, mjomba alikuwa kibarazani na kikombe cha kahawa.

"Hilo nimelipanda mimi," alisema.

Nikasema shikamoo, kisha nikasema yote: jani la mama, geti la bluu, Elinami, kamba. Tangu nizaliwe sijaongea hivyo. Mjomba alisikiliza bila kucheka.

"Na yule mwenye suti, fungu langu alilila?"

"Hapana mjomba. Hali mbuzi."

Hapo akacheka hadi kahawa ikamwagika. Halafu akaweka kikombe chini. "Miaka minne," alisema, "namkasirikia mtu asiyekula mbuzi." Akalichukua jani mkononi mwangu, akaligeuza. "Limetoka kihambani kwangu, kwa hiyo anayeomba ni mimi. Niliondoka bila kuaga, na dada yangu alinikimbilia hadi barabarani. Nilimwona. Mpelekee."

"Lakini mjomba, mama ndiye aliye..."

"Wewe umeshaongea vya kutosha leo."

Jumatatu nilirudi kwa gari. Mama alilipokea jani kwa mikono miwili, akakaa kwenye kigoda. "Nilijua atajirudi," alisema. Hakuniuliza lake lilikwenda wapi. Siku hiyo alipika huku anaimba, na tangu hapo anawaambia majirani jinsi kaka yake alivyoona kosa lake. Mjomba atakuja Desemba. Eliza ameshapima gauni.

Tumeambiwa tuandike tulichojifunza. Mimi nilikwenda hija sina dhambi ya kutisha, nimerudi na moja ambayo kila siku inakua, maana kila mama anaposimulia mimi nipo hapo nakaa kimya. Sijui kama mzee wa geti la bluu na Elinami bado wanasalimiana, au wameshaulizana nani alianza. Mwenye ndugu Old Moshi anisaidie kujua.

Na wote, naomba mniandikie mnishauri: nimwambie mama kabla ya harusi, au baada? Mama Apolonia hatausoma mwandiko huu, macho yake hayauwezi. Ila tafadhali andikeni kwa kalamu. Msipige simu, kwa sababu simu ni ya mama.