Sanamu ya Maria na Picha ya Ukutani

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya enzi za Zaire ninayoikumbuka hadi leo. Nilikuwa mwalimu kijana katika shule ya mapadri hapa Mabanga. Direkteri, mkuu wa shule, alitukusanya, akatusomea amri ya serikali: misalaba na sanamu zitoke darasani, ibaki picha ya Rais peke yake.

Mwenzetu Kambale alifurahi. Alisema dini ya wazungu imetudanganya vya kutosha. Akaishusha sanamu ya Bikira Maria, akachukua nyundo aivunje mbele ya watoto. Wadogo wakaanza kulia.

Muzee Bahati akamshika mkono. Huyu alikuwa mwalimu mkubwa kwetu wote. Zamani alifukuzwa seminari kwa maswali yake, hata misa hakuwa anaenda.

"Kambale, miye nilibishana na mapadri juu ya sanamu hizi, na wao ndio walikuwa na nguvu. Leo ni mutu gani atakujibu? Nyuma yako kuna serikali na askari wake."

"Muzee, hii ni udongo tu!"

"Ndiyo, ni udongo. Na ile picha ya ukutani, unaweza kuiuliza kitu?"

Enzi zile maneno kama hayo yalimfanya mtu apotee, asionekane tena. Kambale akaweka nyundo chini. Niliifunga sanamu katika kitenge changu, nikaipeleka kwa masista.

Wiki haikuisha, watu wa usalama wakaja. Waliniuliza mzee alisema nini. "Alituomba tusivunje kitu darasani," nikajibu, "vipande visikate batoto."

Kisha wakamwita Kambale. Nilikaa nje juu ya mawe, nikimngoja. Mzee alikuwa amemwaibisha mbele yetu, na hatukuwa tumepatana la kusema. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwa Muzee Bahati.

"Nimewaambia ulihofia watoto kuumia," akasema.

Mwanangu, nasikia huko Ndosho mchungaji wenu anataka mchome rozari za bibi zenu. Naogopa, na siyo kwa ajili ya rozari, bali kwa ajili yako. Iulize dini maswali, hata hii yangu. Ila anza na yule mwenye nguvu juu yako, mchungaji wako mwenyewe. Akikukataza kumuuliza, toka kanisani mwake, usimwachie mikono yako aitumie kuchoma.

Mungu akupe ulimi usio na hofu na mikono ya upole, akulinde uendako na urudipo nyumbani.