Mutungi Usiotaka Mafuta

Yaya yangu Mukabalisa alikuwa anajua kupika samaki ya Wachina kuliko Wachina wenyewe. Sisemi hivi kwa sababu ni mukubwa wangu, tumbo moja. Mimi si mutu wa kusifia watu. Uliza hapa Mabanga, mutaa wetu wa Goma, watakwambia Nyiramahirwe ana mudomo. Jina langu maana yake ni mama wa bahati. Cheka tu, nimezoea.

Alikulia Masisi nyuma ya ng'ombe za baba, na mpaka miaka thelathini hakuwa ameonja kitu zaidi ya maziwa, maharagi, viazi na bugali. Vita ikatutoa kule, ng'ombe zikaliwa na watu wenye bunduki, tukashuka Goma mikono mitupu. Mwaka wa 2015 akapata kazi ya kuosha sahani Kibati, chini ya mulima, kwa mwanamuke mumoja Muchina, Madame Peng. Wakati ule watalii walikuwa wanapanda Nyiragongo, volkano yetu, wanalala kule juu kuangalia moto, asubuhi wanashuka magoti yanatetemeka, na njaa usiseme. Madame Peng alikuwa anawangoja pale chini na sahani zake. Kwao pia, alisema, kule Sichuan, kuna mulima ambao watu wanatoka mbali kuupanda, na chini ya mulima huo bibi yake alikuwa na meza sita. Alipika chakula cha bibi yake, basi. Ukimwambia "chakula cha Kichina" alikasirika. Ni sawa mutu akwambie Mushi na Munande, makabila mawili ya huku, wanakula kitu kimoja.

Siku yaya aliponiita kuonja, aka! Ilikuwa tilapia ya ziwa hili hili letu, lakini imelala kwenye supu chachu ya mashu, yaani kabichi, na tangawizi na pilipili, na juu yake mbegu fulani ndogo. Nilipotafuna mbegu, ulimi ukafa ganzi. Nikashika koo. "Yaya, wamenitilia sumu!" Unajua huku kwetu habari ya sumu, hatuichezei. Jiko zima likacheka, yaya akacheka mpaka akakaa chini. Kisha nikamaliza sahani, nikaomba nyingine.

Miaka miwili hivi, Madame Peng akamupa upawa. Mutalii mumoja alikula akitokwa na machozi ya pilipili, akataka kujua mupishi ametoka jimbo gani la China. Wakamuita yaya. "Masisi," akajibu.

Sasa, siri yote ya samaki ile ilikuwa kwenye mutungi. Mutungi wa udongo, kimo cha goti, shingoni una mufereji mudogo kama ukingo wa sahani. Unamimina maji kwenye mufereji, unafunika na bakuli, hewa haiingii. Ndani kuna maji ya chumvi na pilipili, wanalowekamo mashu, figili, tangawizi. Mboga zinaliwa, maji hayamwagwi. Yanaongezwa chumvi, yanaongezwa mboga, yanaendelea kuishi. Yale ya Madame Peng yalianzishwa na bibi yake, yeye akaja nayo ndani ya chupa. Aliyaita "mama". Na sharti lilikuwa moja tu: mafuta yasiguse. Mukono wenye mafuta, kijiko chenye mafuta, hata tone, na mama anakufa. Yaya alikuwa anaosha mikono na majivu mpaka inapasuka kabla ya kufungua ule mutungi. Kwa mumewe, Mungu amurehemu, hakufanya hivyo.

Jumamosi ile ya mwezi wa tano, 2021, mulima ukapasuka. Hakuna aliyetuambia kitu, si wakubwa, si redio. Watu waliona mbingu nyekundu wakakimbia. Mimi nilikuwa hapa Mabanga na Deborah wangu, mutoto wa mwaka mumoja. Yaya akafika Jumapili asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope, amefunga kitenge mugongoni. Jirani akamuuliza: "Mutoto ni muzima?" Yaya akajibu: "Ni muzima." Kufungua kitenge, mutungi! Nguo zake, picha ya mumewe, godoro alilonunua juzi, vyote vimebaki chini ya mawe ya moto pamoja na restora. Nilimutukana, sifichi. Nilimwambia: "Yaya, umebeba achari!"

Alhamisi wakatuamuru tutoke Goma, eti mulima unaweza kupasuka tena chini ya miguu yetu. Tukatembea na mji mzima mpaka Sake. Mimi na mutoto mugongoni, yeye na mutungi wake. Njiani, pale Lac Vert, nilimwomba autupe, achukue bidoni yangu ya maji. Akasema mabega yake hayajachoka. Yalikuwa yanatoka damu.

Madame Peng alikuwa amevuka mupaka kwenda Gisenyi usiku ule ule mulima ulipopasuka, baadaye akarudi kwao. Alipiga telefone kabla ya kupanda ndege. Niliisikia mwenyewe, yaya alikuwa ameweka sauti kubwa.

"Mama iko?"

"Iko, Madame."

"Wewe chunga. Mimi narudi. Restora mupya, jina yako kwenye bango, ya kwanza. Yangu nyuma."

Yaya alilia. Mimi nilicheka, tena kicheko kibaya. Ahadi! Nimeziona ahadi, mimi. Wameandika majina yetu kwenye karatasi mara ngapi, wale wa mahema, wale wa mbegu, wale wa kuturudisha Masisi? Baba ya Deborah alikwenda kutafuta maisha kwenye machimbo, akaahidi miezi mitatu. Maisha aliyapata, nasikia yana watoto wawili. Kwa hiyo Muchina arudi hapa, penye volkano na waasi, juu ya muke wa Masisi? Nilimwambia yaya: "Ngoja tu, utaota mizizi."

Akangoja. Miaka karibu mine. Alikuwa anauza maharagi na mandazi pale barabarani, na jioni anauhudumia mutungi kwenye kona ya chumba chetu. Waasi wakachukua Rutshuru, wakateremka mpaka karibu na Kibati, barabara zikafungwa, chumvi ikapanda bei. Chumvi ya mutungi haikukosekana. Watu wa mutaa wakamuita Mama Achari. Alikuwa anajibu "karibuni" kama vile wamemusifu.

Halafu ikaja Januari ya 2025, vita ikaingia Goma yenyewe. Wewe uliyekuwepo, unajua. Wewe ambaye hukuwepo, siwezi kukueleza ile milio. Tulilala chini ya kitanda siku tatu. Risasi moja ikavunja dirisha letu. Umeme ukakatika, maji yakakatika, na bidoni yetu ikabaki na maji ya kufunika kidole.

Siku ya ine muchana, yaya akagawa: kikombe kwa Deborah, nusu kwangu, nusu kwake. Mutoto akanywa, akaomba tena. Midomo ilikuwa imemupasuka. Na mimi kwa macho yangu haya nikamuona yaya anachukua nusu yake, anapiga magoti kwenye kona, anaimimina kwenye mufereji wa mutungi, kwa sababu ulikuwa umekauka.

"Mutoto analia kiu!" nikamwambia. "Mutoto wangu analia, na wewe unanywesha udongo!"

"Ni yangu ile, Nyira. Sijakunywa tangu jana."

Na ilikuwa kweli. Sehemu yake ya jana alimupa Deborah, niliona. Lakini hasira haipimi. Nikamwambia maneno ambayo hayasemwi. Nikamwambia Mungu alijua alipomunyima watoto. Akanitazama, akachukua bidoni tupu, akafungua mulango, akatoka kwenda ziwani kuchota maji, risasi bado zinalia.

Nikabaki na mutoto anayelia. Upawa ulikuwa kwenye chungu cha maharagi ya jana, umelala ndani ya mawese, mwekundu wote. Nikauchukua. Nikaondoa ile bakuli, nikautumbukiza mutungini mpaka kwenye kiganja, nikakoroga. Nikakoroga vizuri. Kisha nikafunika.

Wanasema hasira hasara. Nilijifunza methali hiyo nikiwa darasa la pili, nikapata pointi zote.

Yaya akarudi muda mrefu baadaye, bidoni kichwani, kandambili moja. Njiani alikuwa ameruka maiti. Akachemsha maji, akamunywesha Deborah kwanza, kisha mimi. Nilikunywa. Nilitaka kusema, wallahi nilitaka, lakini nilikumbuka maneno yangu ya muchana. Nikasema nitasema kesho.

Mwezi wa pili, maji ya mutungi yakaota utando mweupe. Yaya akauondoa kwa kijiko cha mbao. Akatia tangawizi, akatia chumvi, akatafuta kanyanga, ile pombe kali ya magendo, akatia. Utando ukarudi. Harufu ikageuka, kutoka uchachu mutamu ikawa uozo. Alikuwa anakaa pale kwenye kona anajiuliza: "Nilikosea wapi? Nyira, nilikosea wapi?"

"Labda ni baridi," nikasema.

Mwezi wa nane, muchana wa saa saba, jipu ikasimama mbele ya nyumba. Akashuka Madame Peng. Kichwa kimejaa mvi, lakini ni yeye. Dereva akatoa nyuma ya gari kitu kirefu kilichofungwa kwa gazeti, Madame Peng akakifungua mwenyewe, anacheka kama mutoto wa shule. Bango. Rangi nyekundu, herufi za manjano: MUKABALISA NA PENG, CHAKULA CHA SICHUAN. Jina la yaya mbele, vile alivyosema.

Akaeleza haraka haraka. Ni Musanze, ng'ambo ya mupaka, pale watalii wanapofikia kupanda kwenda kuona sokwe. Nyumba ameshapanga. Jikoni ni kubwa, nyuma kuna vyumba viwili. "Wewe, mudogo wako, mutoto," akasema, akimugusa Deborah kichwani. "Wote watatu. Karibu na shule." Deborah akaanza kurukaruka. Yaya hakuruka. Alikuwa anatazama kona.

"Mama iko?" Madame Peng akauliza.

"Iko, Madame. Lakini ni mugonjwa."

Madame Peng akaosha mikono, akachuchumaa, akafungua. Alivyoisikia harufu, akafumba macho. Akachovya kijiti, akakiweka kwenye ulimi, akatema. Akapitisha kidole ndani ya shingo ya mutungi, juu, chini ya ukingo, mahali ambapo sisi hatuoni. Akakitoa kidole nje, kwenye mwanga. Kilikuwa na alama ya rangi ya machungwa.

"Mafuta," akasema.

Yaya akageuza kichwa, akanitazama. Si kwa muda mrefu, ni kama mutu anayeangalia saa. Hapo ndipo nilipaswa kusema. Mudomo huu wote, mudomo unaojulikana Mabanga nzima, na haukufunguka.

"Ni mimi," yaya akasema. "Wakati wa vita. Nilisahau kuosha upawa."

Madame Peng alikaa chini kwenye sakafu na nguo yake nzuri, akalia. Alilia bila sauti, mukono juu ya mutungi. Yaya akabaki amesimama. Kisha Madame Peng akajifuta, akainuka.

"Wapishi Musanze ni wengi," akasema polepole, akitafuta Kiswahili chake. "Mimi nilikuja huku kwenye vita kwa ajili ya mutu mumoja ambaye hasahau."

Akampa yaya mukono, kwa heshima, kwa mikono miwili. Akapanda jipu. Bango akaliacha limeegemea ukuta, litamusaidia nini na jina lile?

Yaya alimwaga mutungi mwenyewe, kwenye mawe nyuma ya choo. Tangu siku ile hajapika samaki. Anauza maharagi. Bango tulifunga nalo dirisha lililovunjwa na risasi, herufi zimeelekea ndani kwa sababu upande wa nje unanyeshewa. Hajanigombeza, hata neno. Ningependa anigombeze, anipige hata. Ananipakulia kama zamani, tena nyama kipande kikubwa. Lakini tukimaliza kula, kijiko changu hakichanganyi na vingine. Anakiosha peke yake, kwa maji ya moto na majivu, mara mbili, anakiinua kwenye mwanga, anakitazama.

Deborah ameanza shule mwaka huu. Juzi muchana tukiwa tunakula, akaacha sahani, akaweka kidole kwenye bango, akasoma silabi kwa silabi: Mu-ka-ba-li-sa. Akapiga makofi.

"Yaya mukubwa! Ni jina yako hii!"

"Hapana," yaya akasema. "Ni mutu mwingine."

Akanyoosha mukono, nikamupa kijiko changu, akaenda kukiosha.